Siku Karakana Ilipogeuzwa Sebule

Safari ile nilipofika kwa dada yangu nilikusudia kukaa siku mbili tatu, ninyooshe mgongo, kisha nishike njia yangu. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Nyumba ile haikuwa na subira hiyo. Asubuhi ya kwanza, uso wangu bado una maji, nilikabidhiwa mwiko mrefu kama mpini wa koleo na kuambiwa nikoroge.

"Koroga upande mmoja, shemeji. Ukikoroga kwenda na kurudi, sabuni itatoka na akili zako, leo hapa kesho kule."

Aliyesema hivyo ni wifi wa dada yangu, yaani dada wa mume wake. Kwangu mimi ni shemeji, kwa watoto wa nyumba ile ni shangazi, na mtaani wanamwita Mama Povu. Dada yangu hamwiti ila Wifi, naye humwita dada yangu Wifi vilevile. Ukiwa chumba cha pili ukasikia "Wifi, umeuficha wapi waya wangu?" huwezi kujua nani anamshitaki nani. Wameishi hivyo tangu dada yangu alipoolewa, na sijapata kuwasikia wakinyamaziana hata nusu ya siku.

Kazi yao ilikuwa sabuni, na waliifanya katika chumba cha uani kilichotazamana na jiko. Kulikuwa na meza ya mbao iliyoliwa na magadi, mzani, ndoo za mafuta, na kalibu ndefu ambazo sabuni ikimwagwa humo hulala mpaka igande. Ikishaganda huitoa, huikata kwa waya kama mtu anavyokata mkate, kisha vipande hupangwa kwenye rafu vikiwa vimeachiana nafasi, vipigwe na upepo majuma kadhaa. Chumba kizima kilinukia mchaichai. Hata usingizini niliota nimeoga.

Dada yangu alipima, alikata, alifunga na aliuza. Wifi alichanganya. Magadi yale ni makali, yale wenyewe wanayaita kostiki, yakikugusa yanakutoa ngozi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyashika. "Magadi ndiyo yanakwenda kwa maji," alinifundisha. "Usije ukamwaga maji juu ya magadi, yatakurukia usoni kama paka aliyekanyagwa mkia."

Waliuza nyumba kwa nyumba, na barazani kwa jirani mshonaji. Kisha mji ukajenga soko jipya nyuma ya kituo cha mabasi, lenye paa, bomba la maji na vibanda vya kufungwa kwa kufuli. Dada yangu alikitaka kibanda kimoja kama mtu anavyotaka mtoto. Alikuwa amechoka kuzungushwa na jua, na miguu ilishaanza kumvimba. Lakini tangazo la ofisi ya biashara lilisema wazi: majina ya waliogawiwa vibanda yatasomwa Ijumaa, na asiye na leseni asihangaike kuja.

Mimi nimepita miji mingi, na mingine nimejaribu kuuza vitu vyake. Kila nilikokwenda, biashara ndogo inaulizwa yaleyale. Unaitwaje? Uko wapi, na mwenye nyumba anajua? Unalipa kodi? Tuone hicho unachofanya, kisije kikaunguza watu. Ukijibu vizuri unapewa karatasi ya kutundika ukutani. Dada yangu alikuwa amejibu karibu yote. Jina la biashara alilopeleka mwanzo lilikutwa lina mwenyewe, akarudi na jingine. Namba ya mlipa kodi alikuwa nayo. Barua ya ridhaa ya mwenye nyumba alikuwa nayo, na mwenye nyumba ni mumewe, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima unamwita Spoku kwa wembamba wake. Alimwandikia mkewe barua rasmi iliyoanza na "Bibi mheshimiwa," na dada yangu aliisoma mara mbili kabla ya kuipeleka.

Yalikuwa yamebaki mambo mawili. Mkaguzi alikuwa hajaja, na kwenye fomu kulikuwa na mahali pa wamiliki ambapo dada yangu alitaka waandikwe wote wawili. Wifi alikataa katakata.

"Mimi ni wa kukusaidia tu," alisema, akisugua ndoo. "Andika jina lako, tuendelee."

"Unanisaidia? Nani anachanganya? Nani aliyenifundisha sabuni, si wewe?"

"Basi nimekusaidia sana. Undugu hauandikwi, Wifi. Kilichoandikwa kinafutika."

Alikuwa na sababu yake. Baba zake wadogo wawili waliwahi kuandikiana mkataba wa mashine ya kusaga, na mwaka haukuisha wakawa wanasalimiana kupitia kwa mwanasheria. Mmoja alizikwa mwenzake akiwa nje ya ua. Tangu hapo mkataba kwa shemeji yangu ulikuwa kama nyoka: hata akiwa mfu, usimlete ndani.

"Haya, mimi nikifa leo?" dada yangu alimwuliza. "Kaka yako ataoa mwingine. Huyo mwingine ataingia humu, akukute umevaa glavu, akuulize wewe nani. Utamwonyesha nini?"

"Kaka yangu nani atamtaka?"

"Mimi nipo hapa," alisema Spoku, aliyekuwa mlangoni na gurudumu mapajani.

"Tunajua upo."

Fomu ikapelekwa na jina la dada yangu peke yake. Usiku ule alikula kidogo.

Ofisi ikaleta habari kwamba mkaguzi atafika Jumanne asubuhi. Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa moyo mweupe. Shemeji yangu alikulia nyumba ambayo mgeni akija mara ya kwanza hata kuku wanafukuzwa uani asije akaona wamechafua. Alisimama katikati ya karakana, mikono kiunoni, akazungusha macho.

"Mtu wa serikali, mara ya kwanza anakanyaga kwetu, atakuta ndoo?"

"Si anakuja kuangalia ndoo?" nilisema.

"Shemeji, wewe umelala stendi nyingi, adabu ya nyumba imekutoka. Shika huko."

Dada yangu hakubisha, na hilo lilinishangaza. Nadhani alitaka kile kibanda kiasi kwamba angekubali hata tupake dari rangi. Basi Jumatatu nzima tulihama. Rafu, kalibu, mzani, ndoo, mwiko, sabuni mbichi na kavu, vyote vikaenda kwa jirani mshonaji, vikapangwa chini ya meza zake na juu ya cherehani bovu. Kalibu moja Spoku aliishika upande, sabuni ikainama, ikagandia huko ikiwa na tumbo. Magadi alibeba Wifi mwenyewe, akiyakumbatia kama mtoto mchanga. Tukapiga deki. Tukahamishia makochi ya ndani, tukatandika zulia, tukatundika mapazia mazito kwenye dirisha lile lililokuwa wazi daima. Dada yangu akaweka maua ya plastiki mezani, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Chumba kilipendeza. Sote tulisimama mlangoni tukakitazama, tukajisifu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, mfuko begani na ubao wa kuandikia mkononi. Alikaribishwa kwa mikono miwili, akakalishwa kwenye kochi kubwa. Chai ilikuwa tayari.

"Asante, mama, sitakunywa."

"Hata kidogo?" Wifi alishtuka. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Nikinywa kabla sijakagua, nikiwapitisha watu watasema mmepitishwa na chai. Nikiwakatalia, nyie mtasema nimekunywa chai yenu bure." Alitabasamu, akafungua ubao. "Haya, karakana iko wapi?"

Dada yangu akatazama zulia. "Ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipokaa."

Mkaguzi akajitazama alivyokaa. Akainuka, akanyanyua pembe ya zulia, akaiachia. Akavuta pazia, akaona dirisha, akalirudisha.

"Mama zangu, mimi nimetumwa nikague mahali panapotengenezwa sabuni. Hapa naona mahali panapotazamwa televisheni."

"Tumeviondoa kwa heshima yako," alisema Wifi. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Vyote?"

"Hata harufu tumejaribu."

Spoku alikohoa. Mimi nilitazama dari. Mkaguzi akakaa tena, safari hii pembeni kabisa mwa kochi, akaeleza bila ukali. Hawezi kuandika kwamba ameona alichokuwa hajakiona. Alitaka kuona hewa inapitia wapi, kemikali inafungiwa wapi, nani anaishika na amevaa nini, maji machafu yanaelekea wapi. Taarifa zake zinapokelewa kesho. Akiandika leo kwamba hakuna karakana, mzunguko wake mwingine katika mtaa huu ni mwezi ujao.

"Na vibanda ni Ijumaa," dada yangu alisema.

"Ndiyo, mama. Ijumaa."

Dada yangu hakulia. Alianza kukunja kile kitambaa cha mezani, maua yakiwa bado juu yake, yakaanguka, na hakuyaokota. Nilimjua tangu akitambaa, na mkunjo ule niliujua.

Nadhani hata mkaguzi aliuelewa. Alitazama saa. "Nina maduka ya kukagua mpaka kule mwisho wa barabara. Nikimaliza nitapita hapa tena kabla ya kurudi ofisini. Nikiwakuta mnatengeneza sabuni, nitakagua. Nikikuta kochi, nitaandika kochi."

Hajafika getini, Wifi alishavua viatu.

Nimeshuhudia watu wakihama kwa mafuriko, na hawakukimbia vile. Makochi yalitoka na mito yake. Mshonaji alifunga duka akaja na wateja wake wawili, kila mmoja na ndoo. Spoku alibeba rafu mgongoni, miguu yake tu ikionekana, rafu ikitembea yenyewe uani. Mimi nilikabidhiwa kazi ya kutogusa kitu. Nikasimama pembeni, na ndipo nilipowaona wale wawili vizuri.

Hawakuulizana lolote. Dada yangu alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mzani ukawa mkononi. Wifi aliinama, na dada yangu alikuwa ameshasogeza ndoo kutoka mahali ambapo kichwa chake kingeipiga. Walitukanana muda wote. "Hiyo si hapo, zezeta." "Na wewe hilo jicho ulilikopa wapi?" Lakini mikono ilikuwa inazungumza mambo yake, na mikono haikugombana. Pazia liling'olewa, dirisha likaachwa wazi, na mchaichai ukarudi kama mwenye nyumba.

Sabuni yenye tumbo, Wifi alitaka kuificha. Dada yangu akamzuia. "Iache. Leo tumeshaficha vya kutosha."

Mkaguzi aliporudi alikuta jasho na kazi. Alizunguka, akaandika, akauliza. Sabuni yenye tumbo aliitazama kwa muda, akapita. Alisema magadi yawekwe kwenye kabati la kufuli, yaandikwe wazi kwamba ni sumu, na asiyaone tena karibu na chupa za kunywea maji. Alitaka mtungi wa kuzimia moto karibu na mlango. Hayo akasema si ya kuwazuia, atayaandika kama masharti na kuyafuatilia. Kisha akasema, "Sasa nionyesheni mnavyochanganya."

Wifi akavaa glavu, akavaa miwani, akajifunga mtandio puani. Akapima maji, akaipeleka ndoo penye upepo karibu na mlango wa uani, akamimina magadi kidogo kidogo, akikoroga upande mmoja. Moshi ukapanda, akageuza uso kabla haujamfikia, kama anayejua rafiki yake atasema nini. Mkaguzi alisahau kuandika.

"Wewe ndiye unayechanganya siku zote?"

"Siku zote. Huyu simruhusu, ana haraka."

Mkaguzi akafunua karatasi. "Hapa mmiliki ni mmoja, na wafanyakazi hakuna. Wewe umeandikwa wapi?"

"Mimi namsaidia tu wifi yangu."

"Mama, kuna njia mbili. Kama ni mfanyakazi wake, nataka mkataba wa kazi. Kama ni mbia wake, nataka jina lako na makubaliano yenu, yenye saini zenu na shahidi. Anayesaidia tu siwezi kumwandika popote, na kemikali haishikwi na mtu asiyeandikwa. Ukiumia leo, nani atasema ulikuwa hapa?"

Wifi akavua miwani taratibu. "Basi andika mfanyakazi," alisema. "Yaishe."

"Haandiki," alisema dada yangu.

"Wifi, Ijumaa hiyo."

"Ijumaa iende zake." Alikuwa ameegemea meza. "Mimi nimekuja nyumba hii sijui hata kupika wali usishike sufuria. Umenifundisha kazi, umenilelea watoto nikiwa hospitali. Leo niandike nimekuajiri? Kibanda wampe mwingine. Nitaendelea kuzunguka."

"Kwa miguu hiyo?"

"Kwa miguu hiyohiyo."

Magadi yalikuwa yakipoa kwenye ndoo, yakitoa kamoshi kembamba. Wifi alimtazama dada yangu, akatazama ile miguu iliyovimba ndani ya kandambili, akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi.

"Shemeji," akaniambia, "mwandiko wako unasomeka?"

"Unasomeka, ila hauna haraka."

"Tafuta kalamu."

Mkaguzi alisema atakuwa mezani kwake asubuhi ofisi ikifunguliwa, tumpelekee makubaliano, naye atayaambatanisha na taarifa yake. Jina la mmiliki wa pili tutaliongeza kwenye dirisha la usajili siku hiyohiyo. Safari hii, kabla ya kuondoka, alikubali chai, kwa sababu ukaguzi ulikuwa umekwisha. Wifi alimjazia kikombe mpaka kikamwagikia sahani.

Jioni ile tulikaa jikoni, mimi nikiandika. Nilisomea darasa hapa na darasa pale, wala sheria sikuifikia, lakini niliandika walichosema. Nani analeta nini: dada yangu mzani, meza na wateja, Wifi ujuzi, kalibu na ndoo. Mmoja akiugua, mwenzake amfanyie. Mmoja akifa, fungu lake liende kwa aliyemtaja. Palipofika mahali pa faida nilishuhudia ugomvi ambao sijausikia popote nilipopita, maana kila mmoja alitaka apate pungufu. Wifi alisema theluthi inamtosha, yeye hana watoto. Dada yangu alisema watoto wake wanamla shangazi yao kila siku, kwa hiyo hesabu hiyo haipo. Spoku akasema nusu kwa nusu, na yeye ale kwa wote wawili. Nikaandika nusu kwa nusu.

"Sasa andika tukikosana," alisema Wifi.

"Tusiandike hilo, ni nuksi," dada yangu alisema.

"Baba zangu hawakuliandika, ndiyo maana. Andika, shemeji. Tukikosana, vitu vya karakana vitagawanywa sawa. Uwifi hautagawanywa. Atakayefiwa mwenzake ataingia ndani, atakaa na wafiwa, hata kama walikuwa hawaongei."

Niliandika. Sehemu ile mkono ulienda polepole zaidi, nikisingizia kalamu.

Wakatia saini. Ikafika zamu ya shahidi, jina na anwani. Jina nililiandika. Kwenye anwani nikakwama. Muda mrefu nilikuwa sijaulizwa swali hilo na mtu aliyengoja jibu.

"Nini tena?" Wifi aliuliza.

"Anwani."

"Andika ya hapa. Kwani unadhani unakwenda wapi, na kabati la magadi halijatengenezwa?"

Nikaandika ya hapo.

Asubuhi mkaguzi aliyasoma makubaliano yote amesimama, kidole kikifuata mistari yangu iliyopanda na kushuka. Mwishoni akarudia kusoma.

"Hiki kipengele cha kukaa na wafiwa," alisema, "hakina nguvu kisheria. Hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu."

"Kinakatazwa?" Wifi aliuliza.

"Hapana. Hakikatazwi."

"Basi kiache."

Akakiacha, akagonga mhuri. Leseni ilitoka Alhamisi mchana, na Wifi, aliyekuwa hataki jina lake liguse karatasi, hakumruhusu mtu mwingine kuishika njia nzima. Aliibeba kifuani ndani ya bahasha, akatembea katikati ya barabara ya watembea kwa miguu, watu wampishe.

Ijumaa majina yalisomwa kwa kipaza sauti kibovu. Walipata kibanda cha pembeni, karibu na bomba, kikipakana na cha muuza vitunguu. Dada yangu akaanza kulia palepale mbele ya watu. Wifi akampa ncha ya mtandio wake.

"Lia upesi," alimwambia. "Tukapime pa kuweka rafu kabla huyu wa vitunguu hajatusogezea mpaka."